Baba alitaka azikwe Uyole, chama cha wana-Makete kikataka arudi Bulongwa: tuongee kuhusu umoja wa sisi wakuja

Binti wa Bulongwa (mleta mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu habari za leo. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu mwezi wa pili.

Baba yangu alifariki mwezi huo hapa Uyole, Mbeya. Alikuja mjini mwaka 1979 akitokea Bulongwa, Makete. Alipita kwa miguu juu ya uwanda wa Kitulo, akalala usiku mmoja kwa wafanyakazi wa shamba la ng'ombe, kesho yake akateremka Isyonje kutafuta gari. Kabla hajafa alisema mara tatu, mara ya mwisho mbele ya mchungaji: msinipeleke Makete, nizikeni hapa hapa.

Tuna chama chetu cha kufa na kuzikana cha wana-Makete waishio Mbeya. Baba alikuwa mmoja wa walioketi kukianzisha. Katiba inasema mwanachama akifariki, chama kinabeba jeneza, gari, na chakula cha wasindikizaji mpaka kijijini kwao. Kuhusu mwanachama anayezikwa Mbeya haisemi hata neno moja. Walioandika hawakufikiria kwamba ipo siku mmoja wao atataka kubaki.

Basi mwili ulikaa mochwari siku mbili, wazee wanabishana sebuleni kwetu. Na nje, chini ya turubai, walikuwepo majirani. Turubai wameleta wao. Kuni wameleta wao. Kulikuwa na Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Msukuma mmoja mwenye mashine ya kusaga, na mama mmoja wa Karonga, Malawi, aliyeolewa mtaani kwetu. Ndani watu wanajadili marehemu ni wa wapi. Nje wanamenya ndizi.

Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi. Swali langu ni hili: umoja wetu sisi wakuja, huu wa kabila na wilaya tulikotoka, unatusaidia kuwa wenyeji, au unatufanya tuishi mjini miaka 40 kama abiria wanaosubiri gari la kurudi?

Kwanza nisiwe mwizi wa fadhila. Bila umoja ule mimi nisingesoma. Wakinga, yaani sisi watu wa Makete, wengi waliokuja Mbeya miaka ile hawakuwa na mtaji wowote. Makete ni baridi, mashamba yako kwenye miteremko, viazi na ngano vinatosha kula lakini havisomeshi. Vijana walianza kutoka zamani, wengine kwenda kuchuma chai Mufindi, wengine kupasua mbao, wengine kuuza dukani kwa mtu. Ukifika Mbeya unamtafuta wa kwenu. Anakulaza kwenye varanda la duka, unamuuzia mwaka mmoja au miwili bila mshahara wa kueleweka, halafu siku moja anakupa mzigo: nenda kaanze. Hakuna karatasi wala riba. Dhamana yako ni kwamba anamjua mama yako. Baba alianza hivyo, kwa belo moja la mitumba, na yeye baadaye akawaanzisha vijana wanane ninaowakumbuka kwa majina. Benki gani ingemwamini kijana wa Bulongwa aliyefika na kandambili?

Kwa hiyo anayesema vyama vya wakuja ni ukabila mtupu, nadhani hajawahi kufika mji asikomjua mtu.

Lakini kuna upande wa pili, na mimi niliuona kwa moto. Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006. Tulikuwa na meza mbili pale, nguo za watoto. Tulipofika palikuwa na mabati yaliyojikunja na moshi. Wiki ile chama kilikaa, kila mwanachama akatoa alichoweza, tukapata pesa ya kuanzia. Nashukuru mpaka leo. Ila usiku wenyewe wa moto, mabelo matatu ya baba yaliyookoka hayakuokolewa na mwana-Makete. Yalibebwa na mama mmoja wa Kinyakyusa kutoka Rungwe aliyeuza mchele meza ya jirani, yeye na wanawe, wakayasukuma mpaka kwao Mabatini kwa mkokoteni, na mchele wake mwenyewe ukateketea nusu. Kesho yake akaja kutuita twende tukachukue. Hakuwa kwenye daftari letu. Hakuwahi kulipa ada kwetu. Na alipofiwa na mumewe mwaka 2009, chama chetu hakikutoa hata senti, kwa sababu katiba haimjui. Baba alienda peke yake na gunia la viazi na akarudi, akanyamaza siku nzima.

Nadhani siku ile ndipo alipoamua atazikwa wapi.

Baadaye tulihamia soko la SIDO, nalo likaungua 2011, kisha tena 2017. Kila safari niliona jambo lile lile. Pesa ya kuanzia upya ilitoka kwa watu wa kwetu, lakini mkono wa usiku ule wa moto ulikuwa wa jirani. Vyote viwili ni umoja. Tatizo ni kwamba kimoja tumekiandikia katiba, mweka hazina na mihuri, na kingine tumekiacha kijiendee chenyewe, kana kwamba hakihitaji kutunzwa.

Naomba michango yenu, hasa wale mliokulia Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, na mlio nje. Kilichoamuliwa sebuleni nitakisema chini, maana nataka kwanza nisikie wenzangu.

---

Mzalendo wa Kweli

Pole kwa msiba dada. Ila mimi mada kama hizi huwa zinanikwaza. Tanzania hatuna wakuja. Mwalimu alishamaliza mambo ya makabila. Mtanzania popote ni kwake, sasa tukianza kuhesabu huyu Mkinga huyu Msafwa, tunarudi nyuma.

---

Binti wa Bulongwa

Mkuu Mzalendo, nimekusoma na sikubezi. Ni kweli, na ni jambo kubwa sana tulilofanyiwa. Uchifu ulifutwa 1963, JKT ikaanza mwaka huo huo, watoto wa Kyela wakapelekwa kusoma Musoma na wa Musoma wakaletwa Iyunga, na juu ya yote tukapewa Kiswahili ambacho hakuna kabila linaloweza kutunyang'anya. Mimi na mama yule wa mchele tusingeelewana usiku wa moto bila Kiswahili.

Lakini nchi kutobagua ni jambo moja, na mtu kujisikia yuko kwake ni jambo lingine. Sheria inaniruhusu kuishi popote. Haiwezi kumwambia jirani aje na turubai. Hilo ndilo ninalolizungumzia, na kulitaja kabila langu hakunifanyi nimchukie wa kabila lako.

---

Mjukuu wa Mgodini

Pole sana dada yangu. Uzi umenigusa kwa sababu kwetu stori iko kinyume: sisi ndio tuliokuwa wakuja ugenini.

Babu yangu ni wa Rungwe. Aliondoka kijana, miaka ya mwisho ya arobaini, akavuka Tunduma kwa miguu na malori akaenda Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wanyakyusa wengi walienda huko, na wengine wakaandikishwa na Wenela, wakala wa vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kwenda Johani (Johannesburg) kwenye dhahabu. Vijana wa siku hizi hawajui kabisa jinsi Nyanda za Juu Kusini zilivyolisha migodi ya watu kwa mabega ya babu zetu.

Sasa sikilizeni, hili linahusu swali la mleta mada moja kwa moja. Wenye migodi waliwapanga wafanyakazi kwa kabila. Kila kabila lilichagua mzee wake wa kulisemea kwa Mzungu: Wabemba na wao, Wangoni na wao, Wanyakyusa na wao. Kwa kuangalia ni utaratibu mzuri, kila mtu ana wa kwao wa kumlilia. Lakini mwaka 1935 kodi ilipopandishwa, wafanyakazi wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma, na pale Luanshya watu sita wakapigwa risasi wakafa. Siku hizo wazee wa makabila hawakuwa na la kufanya. Tatizo halikuwa la kabila, lilikuwa la mshahara na kodi, na risasi haikuuliza mtu anatoka wapi.

Mwaka 1949 wakaanzisha chama cha wafanyakazi, cha wote. Mwaka 1953 wachimbaji wakapigishwa kura: tuendelee na wazee wa makabila au tuwaondoe? Walio wengi sana wakasema waondoke. Babu alipiga kura ile. Alikuwa anasema, mzee wetu wa Kinyakyusa nilimpenda, alinisaidia nikiwa mgonjwa, na ndiye niliyempigia kura aondoke. Mimi nilikuwa namuuliza, sasa babu huoni umemsaliti? Akasema hapana, yeye alibaki kuwa mzee wangu kwa mambo ya ndoa na misiba, ila kwa mambo ya kazi mzee wangu ni chama.

Hilo neno lake nimelibeba mpaka leo. Hakuuvunja umoja wa kwao. Aliujulia mahali pake.

---

Kivuli cha Loleza

Mimi ni Msafwa. Nimesoma toka juu, na nitasema bila kuficha kwa sababu katika mijadala ya wakuja na umoja wao, sisi wenye mji huwa hatuulizwi.

Mbeya ilianza miaka ya ishirini wakati wa dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Kabla ya hapo huu mteremko wa mlima Loleza ulikuwa na mashamba yetu. Dhahabu ikaleta Wazungu, Wahindi na vibarua kutoka kila upande. Halafu Tazara. Reli ilijengwa kuanzia 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na Mbeya ikawa kituo kikubwa. Mji ukajaa. Leo ukitembea Mbeya nzima utasikia ndaga, ndaga fijo ya Wanyakyusa, utasikia salamu ya kamwene, Kisafwa utakisikia kwa bibi anayeuza mbogamboga asubuhi, basi. Watu wa nje wanadhani Mbeya yote ni ya Wanyakyusa. Sisi tumehesabiwa kama hatupo.

Familia yetu ilikuwa na shamba Itezi. Babu alianza kuuza kipande kimoja kimoja. Alimuuzia mwalimu, akamuuzia dereva, akamuuzia mfanyabiashara. Bei zilikuwa za huruma. Leo wale wana nyumba za ghorofa na sisi tumesogea juu kwenye mawe, tunapanda viazi kwenye mwinuko ambao hata mbuzi anateleza. Siwalaumu walionunua, waliuziwa kihalali. Ila nataka mleta mada ajue kwamba tunapoona magari matatu ya chama cha wilaya fulani yakisindikiza maiti kurudi kwao, na sisi tumekuja kulia na nyie siku tatu, kuna kitu kinauma. Ni kama mnatuambia: tulikula hapa, tulijenga hapa, lakini udongo wenu haututoshi kulala.

Bibi yangu alikuwa anasema hivyo kwa Kisafwa na mimi ndiye niliyemtafsiria mgeni mmoja. Mgeni alitoka machozi.

Kwa hiyo baba yako, dada, kama kweli alizikwa Uyole, mimi nasema ametupa heshima.

---

Binti wa Bulongwa

Kivuli cha Loleza, nimesoma ulichoandika mara mbili na nimemsomea mama. Amesema nikwambie ndaga, halafu akakumbuka kwamba hiyo ndiyo Kinyakyusa uliyokuwa unailalamikia, akaona aibu. Miaka 40 Mbeya na hajui kusema asante kwa Kisafwa. Wala mimi sijui. Naomba utufundishe hapa hapa kwenye uzi.

Hili la mwenyeji kutoulizwa nilikuwa silioni. Nilidhani mjadala ni kati ya sisi na sisi. Kumbe kuna mtu amesimama mlangoni miaka yote akisubiri tumwambie hodi.

---

Ng'wana Usangu

Wakuu habarini. Mimi ni Msukuma niliyezaliwa Mbarali. Wazazi walihama Shinyanga na ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya themanini kufuata majani ya Usangu. Mtanisamehe nikiwa mrefu kidogo, maana huku kwetu jambo hili halikuishia kwenye misiba tu, lilitugharimu makazi.

Sisi umoja tulikuwa nao wa kutosha. Mtu akiibiwa ng'ombe, yowe linapigwa, watu wote wako porini. Mtu akifiwa hatuhitaji daftari. Jioni za mavuno Wagika na Wagalu, makundi yetu mawili ya ngoma, wanashindana ngoma mpaka vumbi linapanda mbinguni. Tulikuwa kijiji ndani ya kijiji. Tulilima kwa plau ya ng'ombe, Wasangu wakajifunza kwetu, nasi mpunga wa mifereji tukajifunza kwao. Na hao nao kilimo cha mifereji kilipewa nguvu na Wabaluchi waliohamia Rujewa kabla ya uhuru, watu waliotoka mbali kabisa upande wa Uajemi. Mchele wa Mbarali mnaousifu una mikono ya wakuja wangapi ndani yake!

Lakini kulikuwa na mahali hatukuwepo: serikali ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kuanzia 15 mpaka 25. Kijijini kwetu tulikuwa karibu nusu ya watu na hatukuwa na mjumbe hata mmoja. Hakuna aliyetukataza kugombea. Sisi wenyewe tulisema, mambo ya vikao ni ya wenyeji, sisi tuna ng'ombe wetu. Mikutano mikuu ya kijiji hatukwenda. Mpango wa matumizi ya ardhi ulipopangwa, hapa malisho, hapa mashamba, hapa njia ya mifugo, tulikuwa mnadani.

Halafu ikaja 2006. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kila kiangazi tangu miaka ya tisini, bwawa la umeme la Mtera maji yamepungua, umeme nchi nzima wa mgawo. Ikaamuliwa wafugaji watoke kwenye ardhi oevu ya Ihefu na bonde la Usangu. Wengi walielekezwa Lindi na kwingine. Baba mdogo alipakia kwenye lori akaenda upande wa Kilwa, ng'ombe wengi walimfia njiani na wengine walifia huko kwa ndorobo. Mwaka 2008 pori la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Sitaki kuanzisha ubishi wa nani alimaliza maji, ng'ombe au mifereji ya mpunga, kwa sababu hilo lina uzi wake. Ninachosema ni kwamba siku ya kuamua, umoja wetu wote ule wa yowe na ngoma haukuwa na kiti mezani.

Waliobaki tulijifunza. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014 kaka yangu aligombea ujumbe wa halmashauri. Baba ambaye zamani alisema vikao ni vya wenyeji, safari hii alizunguka nyumba kwa nyumba, akianzia kwa mzee wa Kisangu ambaye waliwahi kugombana naye kwa sababu ya mpunga uliokanyagwa. Kaka alipata. Mwaka uliofuata njia ya mifugo ikachorwa upya, na ugomvi wa mashamba na ng'ombe ukapungua kwetu kuliko vijiji jirani. Bado upo, sisemi umekwisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada: umoja wa wakuja ukikutosha, ogopa. Siku mkitoshana ndiyo siku mnayoacha kwenda kwenye mkutano wa kijiji.

---

Mzalendo wa Kweli

Ng'wana Usangu, hapo umeniweka sawa. Nilikuwa nadhani mada ni ya kuchambua makabila. Naendelea kusoma.

---

Chai ya Mufindi

Niongeze kidogo tu kutoka huku Iringa. Mnazungumzia makaburi, basi nendeni Ifunda au Kidugala mkaone makaburi ya Wapolandi. Watu hawa walifukuzwa kwao wakati wa Vita ya Pili, wakapelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, na mwaka 1942 wakaanza kuletwa Tanganyika. Kambi zilikuwa Tengeru, Kondoa, Morogoro, na huku kwetu Ifunda na Kidugala. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Walikuwa na shule zao na kanisa lao, wanaimba kwa lugha yao, wanapika mikate yao. Umoja wao ulikuwa imara kwelikweli. Vita ikaisha, wakatawanywa, wengine Uingereza, wengine Kanada na Australia. Walikaa kwetu miaka kadhaa, na kilichobaki ni misalaba.

Siwalaumu hata kidogo, walikuwa wakimbizi, na serikali ya kikoloni iliwaweka kando makusudi, haikutaka waungane na sisi. Lakini bibi yangu wa Kihehe aliyewauzia mayai alikumbuka jina la mteja mmoja tu, mwanamke aliyejifunza kusema kamwene. Wengine wote kwake walikuwa "Wapolandi".

---

Mjukuu wa Mgodini

Chai ya Mufindi umenikumbusha watani. Kule Zambia Wangoni na Wabemba walipigana sana zamani, na walipokutana migodini wakageuza vita ile kuwa utani. Mngoni anamtukana Mbemba msibani na watu wanacheka mpaka mfiwa anacheka. Huku kwetu ni kama Wahehe na Wagogo, au Wazaramo na Wanyamwezi. Maadui wa zamani wakapeana ruhusa ya kutaniana, na mtani ndiye anayekuja msibani kuchangamsha na kufanya kazi ambazo ndugu hawezi kuzifanya kwa majonzi. Wazee walielewa kwamba msiba wa ndugu peke yao hauendi. Lazima awepo wa nje, na apewe kazi inayojulikana.

Sasa dada, katiba ya chama chenu ingekuwa na nafasi ya mtani, ya jirani aliyepewa kazi, je?

---

Binti wa Bulongwa

Mjukuu wa Mgodini, swali lako nililipeleka mbali kuliko unavyodhani. Nitafika.

Kwanza nimalize deni langu la kusema kilichotokea sebuleni. Siku ya pili jioni, kaka zangu walikuwa wamekubali gari liitwe. Mzee mmoja wa ukoo aliyeteremka toka Bulongwa alisema mtu akizikwa ugenini watoto wake wanapotea. Mimi ni binti, kwa desturi sina neno la mwisho hapo. Mama ndiye aliyesimama. Hakupandisha sauti. Alisema: mimi sirudi Makete. Nyumba yangu ni hii, kanisa langu ni hili, wajukuu wanasoma hapa. Mkimpeleka Bulongwa, nani atang'oa majani kwenye kaburi lake? Mzee akasema ukoo upo. Mama akataja majina: fulani yuko Dar, fulani Tunduma, fulani Songea, fulani amekufa, fulani amekufa. Makete ilipoteza watu wengi sana kwa ukimwi, kila mtu mle ndani aliyajua majina yale. Alipofika wa tisa mzee akamwambia, inatosha mama.

Baba alizikwa Uyole siku iliyofuata. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa usiku kucha. Chama kilitoa jeneza. Pesa ya gari na ya wasindikizaji ilibaki kwenye daftari kwa sababu kifungu hakiruhusu, na mweka hazina, ambaye ni mtu mwema, alilia wakati anatuambia.

Kuna jambo nimelifikiria baada ya kumsoma Ng'wana Usangu. Jirani zetu wa Mpanda, Katumba na Mishamo, walikuwa na Warundi waliokimbia mwaka 1972. Serikali yetu ilipowapa uraia, wao na wenzao wa Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000, mpango wa mwanzo ulikuwa watawanywe mikoani ili wachanganyike. Mwishowe mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa na wakaruhusiwa kubaki pale walipo. Wapo waliosema ni kosa, watabaki kundi moja. Mimi nilipita Katumba kupeleka nguo mnadani. Niliona soko ambalo Wafipa, Wasukuma na wao wanagombania bei kwa Kiswahili kimoja, na watoto wote wana sare ya rangi moja. Kukaa pamoja na watu wa kwenu hakukuzuii kuwa mwenyeji kama soko, shule na kikao viko wazi kwa wote. Kumtawanya mtu hakumfanyi awe mwenyeji. Anakuwa peke yake tu.

Kwa hiyo siko upande wa wanaotaka vyama vya wakuja vife. Nataka viwe na mlango. Nimeandika mapendekezo matatu kwa ajili ya kikao cha chama cha Jumapili hii. Kwanza, mchango wa msiba umfuate mwanachama popote familia inapomzika. Pili, kila mwanachama aruhusiwe kumwandikisha jirani mmoja asiye wa Makete, naye achangie na kuchangiwa kama sisi. Tatu, mwenyekiti wa mtaa aalikwe kwenye mkutano wetu wa mwaka. Hilo la pili nimelitoa kwenye swali la Mjukuu wa Mgodini, na kwa mama wa mchele.

Mniombee.

---

Kivuli cha Loleza

Tunasubiri majibu. Na somo la Kisafwa nitakupa, ila si la kuandika hapa. Njoo Itezi na mama, bibi yupo, atawafundisha mwenyewe, maana nikiandika mtatamka vibaya na atanilaumu mimi.

---

Binti wa Bulongwa

Wakuu, nimetoka kikaoni, naandika nikiwa bado na vumbi.

Pendekezo la kwanza limepita. Lilipata upinzani wa watu wanne tu. Wengi walikuwa na wazazi wazee mjini na nadhani kila mmoja alishajiuliza kimoyomoyo.

La pili limekwama. Hoja zilikuwa nzito na sitaki kuzidharau. Mzee mmoja alisema pesa ile imejengwa kwa kujinyima toka enzi za mikokoteni, na tukifungua, wataingia watu wa kuchukua bila kuchangia. Mwingine akasema, jirani ana chama chao cha mtaa, kwa nini sisi tusiende kujiunga huko badala ya kumvuta aje kwetu? Hilo lilininyamazisha. Ni kweli, mtaa wetu una kikundi cha kuzikana na kati ya nyumba zetu 23 za wana-Makete pale Uyole, waliojiunga ni watano. Baba alikuwa mmoja wao, na ndiyo maana turubai lilifika kabla hatujaliomba. Mimi sikujua. Nililiona jina lake kwenye daftari la mjumbe baada ya mazishi, amelipa mpaka Desemba. Pendekezo limeahirishwa mpaka kikao cha mwezi wa tatu, na mpaka hapo tumekubaliana kila nyumba ijiandikishe kwanza mtaani.

La tatu limepita bila ubishi.

Jumamosi ninakwenda Itezi na mama. Ameshaanza kuuliza atamchukulia nini bibi, viazi vya Makete au sukari. Nimemwambia vyote.